Kasumba aliyoisema Marx ilikuwa panadol

Juzi kijiweni Mbuyuni, hapa Moshi, jamaa mmoja katangaza kwamba Karl Marx, yule Mjerumani baba wa fikra za ujamaa, kaita dini kasumba, kwa hiyo mjamaa yeyote ni adui wa Mungu. Wote wakaitikia. Mi nilinyamaza maana yule bwana huwa hashindwi, ngoja niseme hapa.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Leo ukisema kasumba mtu anawaza mawazo ya kikoloni yaliyoganda kichwani, ila zamani kasumba ilikuwa afyuni yenyewe, na Marx anachapisha maneno yale 1844 afyuni Ulaya inauzwa dukani kama sisi tunavyochukua panadol kwa Mangi, jino linauma, mgongo umekufa kiwandani, unakunywa upate usingizi. Na sentensi ya kabla yake, ambayo hakuna anayeisoma, inasema dini ni kite cha kiumbe anayeonewa, moyo wa dunia isiyo na moyo. Sasa hayo ni matusi kweli? Ugomvi wake ulikuwa na jino, panadol wala hakuwa na shida nayo sana. Stalin, mtawala wa Urusi ya kikomunisti, alipolipua kanisa kuu la Kristo Mwokozi pale Moscow 1931 alinyang'anya watu vidonge jino likabaki palepale, na leo kanisa limesimama tena hapohapo.

Nina jirani ana genge la ndizi. Akiuza elfu kumi, elfu moja inaingia kwenye kopo la maziwa, "hii ya Bwana", hata kama kodi haijatimia. Marx angeuliza nani anakula subira ya huyu mama, na kwa haya mafuta ya upako yanayouzwa siku hizi swali ni halali kabisa.

Ila hapo ndo mzee anapwaya kidogo, maana yule mama alipolazwa ni jumuiya iliyochanga bili na kupikia watoto wiki mbili, hiyo sio ganzi tu jamani. Hospitali ya KCMC yenyewe ilifunguliwa 1971 kwa nguvu za Walutheri. Na Engels, rafiki na mwenzake Marx, aliliona hili, 1850 kaandika habari za Thomas Müntzer, mhubiri wa Ujerumani aliyeingia vitani upande wa wakulima 1525 Biblia mkononi. Nyerere na Azimio lake la Arusha lote lile, misa hakosi.

Nilimuuliza yule mama kama lile kopo halimuumizi. Akacheka, akasema akikosa jumapili mbili wanakuja kumtafuta, mwenye nyumba yeye anakuja tarehe ya kodi tu.