Milimita saba za ofseti zisikukoseshe usingizi

Wapo waendesha baiskeli za milimani wanaoweza kubishana jioni nzima kuhusu ofseti ya milimita 44 na ya 51, na kati yao wapo ambao hawakumbuki mara ya mwisho walipopima upepo wa tairi la mbele. Sisemi ofseti haina kazi. Ina kazi, tena inayopimika. Ninachopinga ni kuipachika sifa zisizo zake, halafu mtu anatoboa mfuko kununua uma mpya (ile miguu miwili ya mbele yenye shokapu, inayoshika gurudumu) kwa tofauti ya milimita saba.

Tuanze na kitu chenyewe. Ofseti ni umbali kutoka mstari wa mhimili wa usukani hadi ekseli ya mbele, ukipimwa kwa pembe mraba. Mkono wako hauihisi moja kwa moja. Unachokihisi ni treili. Uvute ule mstari wa mhimili mpaka ugonge ardhi: utagonga mbele ya pale tairi linapokanyaga, na pengo la hapo katikati ndilo treili. Kwa kuwa tairi linakanyaga nyuma ya mhimili, huburutwa, na kwa kuburutwa hujinyoosha, kama gurudumu dogo la toroli linavyojipanga kufuata unakosukuma. Treili ndefu hufanya usukani uwe mzito kidogo na upende kurudi katikati. Treili fupi hufanya usukani uwe mwepesi, wa kugeuka upesi.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Wanadhani ofseti kubwa ndiyo tulivu, kwa sababu inasukuma gurudumu mbele. Ni kinyume. Ekseli ikisogea mbele, tairi linaukaribia ule mstari, na treili inapungua.

Namba ya 51 haikuzuka tu. Zamani za magurudumu ya inchi 26, uma ulikuwa na ofseti ya milimita 38 hivi, na fremu nyingi zilikuwa na pembe ya usukani, yaani pembe ya ule mhimili na ardhi, ya karibu nyuzi 71. Chukua gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 335 pamoja na tairi: treili inakuwa kama 75. Weka sasa gurudumu la inchi 29, nusu kipenyo 370, bila kugusa kingine, na treili inaruka hadi 87. Ndiyo maana baiskeli za mwanzo za inchi 29 zililaumiwa kuwa nzito kona. Gary Fisher, mmoja wa waanzilishi wa baiskeli za milimani, kwenye jiometri (mpangilio wa vipimo vya baiskeli) aliyoiita G2, alipeleka ofseti hadi 51, na ukifanya hesabu treili inarudi kwenye 73 au 74, karibu kabisa na ile ya inchi 26. Lilikuwa jibu zuri kwa swali la wakati ule.

Kisha swali likabadilika. Pembe za usukani zikalala mwaka hadi mwaka, 68, 66, 64, fremu zikarefuka, shingo za usukani, vile vipande vinavyoshika usukani juu ya uma, zikafupishwa hadi milimita 50 na chini ya hapo. Mwaka 2017 kampuni ya baiskeli ya Transition ikaleta jiometri yake yenye ofseti fupi kwa magurudumu ya inchi 29, na haukupita muda mrefu 44 ikawa jambo la kawaida. (Kwa inchi 27.5 ubishi ni uleule, ila mara nyingi namba ni 44 na 37.)

Sasa tuone hizo milimita saba zinanunua nini. Kwa pembe ya nyuzi 65 na gurudumu la inchi 29, ofseti ya 51 inakupa treili ya kama 116. Ya 44 inakupa 124. Ukitaka kuifikia hiyo 124 bila kubadili ofseti, laza pembe kwa nyuzi moja tu, hadi 64. Kwenye karatasi ya vipimo zinalingana, lakini njiani ni baiskeli mbili. Ukilaza pembe, gurudumu la mbele linakwenda mbali nawe kwa sentimita moja hivi. Ukifupisha ofseti, linakusogelea kwa milimita sita au saba, na tairi la mbele linapata uzito zaidi kidogo. Kwenye fremu ndefu za leo, ambapo mtu akikaa nyuma kwa woga tairi la mbele linakosa mshiko, sababu hii ya pili naiona nzito kuliko usemi wote kuhusu utulivu wa usukani. Hata hivyo, "kidogo" ni kidogo: kusogeza kifua chako mbele unapoingia kona kunafanya zaidi.

Kuna jambo linalosahaulika kwenye mijadala mingi. Treili haikai mahali pamoja. Shika breki ya mbele kwa nguvu kwenye mteremko, shokapu ya mbele izame milimita 80 huku ya nyuma ikikaa pale pale, na pembe ya usukani inasimama kwa zaidi ya nyuzi tatu. Treili ile ya 116 inashuka hadi kama 92. Yaani breki moja imekuondolea mara tatu ya kile ulichobishania dukani. Kwangu hii ndiyo hoja bora ya ofseti fupi: inakuachia akiba pale uma unapozama, saa ile hasa unapotaka usukani usicheze. Na ndiyo pia sababu ya kurekebisha upepo wa shokapu kwanza, maana uma unaozama ovyo utaila akiba hiyo yote.

Kwenye kupanda taratibu, ofseti fupi hufanya gurudumu lipende kuangukia upande kidogo zaidi. Lawama kubwa hapo ni ya pembe iliyolala.

Ukiwa unanunua uma kwa sababu ule wa zamani umekufa, iangalie ofseti, kwa kuwa kwenye uma nyingi imefungwa kwenye kipande cha juu kinachoshika mabomba na huwezi kuibadili bila kubadili kipande chote. Mimi kwa fremu ya nyuzi 66 au chini ningechukua 44 bila kusita. Kwa fremu ya nyuzi 68 na kwenda juu, ya kupita katikati ya miti iliyobanana na kona za karibu karibu, ningeibakiza 51. Treili yake hapo ni kama 94, na sioni kwa nini niifanye nzito. Uma wako ukiwa bado mzima, uache.