Natafuta Ghala la Kuishi

Mimi sina makuu. Nataka lofti tu. Chumba kimoja kirefu katikati ya jiji, dirisha kubwa kama mlango wa karakana, ukuta wa matofali, na kodi ambayo nikishailipa nitabaki na nauli. Ingawa nauli ya nini kama nakaa mjini kati? Ndiyo hesabu niliyompigia mke wangu jioni ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na watoto watalala upande gani?" Nikamwambia lofti haina pande. Hapo ndipo tulipoanza kukosana.

Maana ni kweli, lofti haina kuta za ndani. Ukipika, unapikia kitandani. Ukikoroma, unakoromea sebuleni mbele ya wageni. Mkikosana huna chumba cha kwenda kununia; unajibanza nyuma ya nguzo, na nguzo yenyewe nyembamba, tumbo linaonekana huku, mgongo unaonekana kule. Kitu pekee chenye mlango ni choo, na juzi nimeonyeshwa lofti ambayo hata choo kilifichwa kwa kioo tu. Dalali akasema, "Bosi wangu, hii inaleta uwazi." Uwazi upi tena ninaoukosa maishani mwangu?

Lakini nikipenda kitu nimependa. Nikaanza kujifunza haya majengo yametoka wapi, nikagundua jambo lililoninyima usingizi. Lofti za kweli zilikuwa viwanda na maghala. Dirisha lile kubwa ninaloota hakuna aliyeliweka ili nitazame machweo. Taa za umeme zilikuwa bado hazijaenea, na mshonaji alihitaji kuona sindano. Dari iko juu kwa sababu ya mizigo na mashine. Sakafu ni nene kwa sababu ya uzito. Hakuna kuta kwa sababu mashine na mizigo vilihitaji nafasi, na msimamizi aliweza kuwaona wote kwa mtupo mmoja wa jicho. Yaani kila ninachokilipia kiliwekwa kwa ajili ya robota la nguo, na robota halikuwahi kuombwa barua ya mwajiri wala amana ya miezi mitatu.

Na wale watu waliofanya kazi mle! Waliingia alfajiri wakanung'unika, walitoka jioni wakanung'unika, lakini siku ya malipo walihesabiwa ujira wao. Mimi nitaingia jioni, nitatoka alfajiri, na mwisho wa mwezi anayehesabu ni mimi.

Wa kulaumiwa ni wasanii. Nawapenda, ila hili ni lao. Kule New York, mtaa wa SoHo, katika miaka ya 1960 viwanda vilikuwa vinahama na kuacha ghorofa tupu. Kulikuwa pia na mpango wa kupitisha barabara kuu katikati ya mtaa huo, sasa nani angetia rangi jengo linalosubiri kubomolewa? Wazimamoto walipaita Ekari Mia za Jehanamu kwa jinsi moto ulivyokuwa ukizuka kwenye maghala yale. Leo dalali angeandika "mtaa wenye joto la kipekee". Basi wachoraji na wachongaji wakaingia kwa kodi ya chee, kinyume cha sheria, kwa sababu majengo hayakuruhusiwa kukaliwa na watu. Wengine waliruhusiwa wabandike nje ya jengo kibao chenye herufi tatu, A.I.R., kifupi cha Kiingereza cha "msanii anaishi humu", ili moto ukizuka wazimamoto wajue kwamba ghorofani kuna binadamu, siyo marobota peke yake.

Mpango wa barabara ukafutwa mwaka 1969. Mwaka 1971 jiji likawaruhusu wakae, mradi mtu athibitishe kwamba ni msanii kweli. Mwaka 1982 jimbo likatunga sheria ya kuwalinda wapangaji wa lofti na kuwabana wenye majengo wayafikishe kwenye viwango vya makazi. Kila kitu kikawa halali. Na kitu kikishakuwa halali, kikawa na vyoo vizuri, tena kikasifiwa na watu wenye miwani ya fremu nene, mtu kama mimi anaambiwa asogee pembeni. Wasanii wenyewe wengi wamesogea. Waliobaki ni mawakili wenye makochi meupe.

Mke wangu anasema niache ndoto, nitumie ile kanuni ya kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Nikaifuatilia hiyo nayo. Kumbe Wamarekani walipoiweka kwenye nyumba za umma mwaka 1969 ilikuwa asilimia 25, na mwaka 1981 wakaipandisha. Hata kipimo cha unafuu chenyewe kimepandishwa! Mshahara wangu unasubiri zamu yake.

Nikaingia sokoni hivyo hivyo. Sasa nimekuwa mtaalamu wa lugha ya matangazo. "Mabomba ya wazi" maana yake fundi hakumaliza. Nyumbani kwetu bomba likionekana ukutani mama alilifunika kwa kalenda. Siku hizi unaliongezea kodi. "Ukuta wa matofali asilia" ni plasta imedondoka. "Hatua chache kutoka kila kitu" ni kwamba chini yako kuna ukumbi wa muziki, na kila kitu kinakupandia saa nane za usiku. "Lofti ya kisasa" ni nyumba ya kawaida ya zege iliyojengwa juzi, wakasahau kuweka dari, wakaona afadhali waseme walikusudia.

Kuhusu picha sisemi sana. Ile kamera inayopanua chumba ningependa itumike kwenye hati yangu ya mshahara.

Jumanne dalali akanipigia akiwa amechangamka. "Bosi wangu, nimepata ya bei yako." Nikaacha kazi nikakimbia. Ni kweli, dari ilikuwa mita tano. Sakafu nayo ilikuwa kama mita tatu kwa tatu. Chumba kilichosimama badala ya kulala. Nikamuuliza kitanda kinakaa wapi, akanionyesha ubao juu karibu na paa, na ngazi ya chuma iliyosimama wima kama ya meli. Nikapanda. Kule juu kulikuwa na joto lote la nyumba, maana hewa ya moto hupanda na ile ilikuwa imetangulia kuhamia. Nikajilaza kujaribu. Nikainuka. Nikajilaza tena, safari hii nikiwa nimeshika paji la uso.

"Na balbu ikiungua?" nikauliza kutoka kule juu.

"Kuna jamaa mwenye ngazi ndefu," akasema, "yeye mtaelewana."

Kushuka kulichukua robo saa. Watu wawili wengine walikuwa wamefika kuangalia, wakanisubiri pale chini kwa heshima wakitazama soli za viatu vyangu. Nilipogusa sakafu, mmoja wao alikuwa ameshalipia.

Leo asubuhi dalali ameniandikia tena. Anasema amepata lofti ya aina yake, mjini kati kabisa, bei ya kirafiki, tulivu, ila ina jambo moja dogo: iko chini ya ardhi. Nikamjibu kwamba neno lenyewe, lofti, kwa watu wa zamani wa kaskazini mwa Ulaya lilikuwa na maana ya hewa, anga, mambo ya juu huko. Akaniambia hilo halina shida, kuna tundu la hewa.

Nimemwambia nitafika saa kumi.