Singapore na bei ya barabara: kwa tao au kwa kilomita?

Wanaotetea tozo za barabara zinazobadilika kwa saa na umbali hupenda kuitaja Singapore, na wana haki. Juni 1975 mji huo ulianza kuwatoza madereva walioingia katikati ya mji asubuhi: dola 3 za huko kwa siku, kibali unakibandika kwenye kioo. Gari lenye watu wanne au zaidi lilisamehewa, na madereva wakaanza kuzoa abiria kwenye vituo vya basi ili wapite bure. Foleni ilipungua sana, ila kibali kilikuwa na tundu: ukishakilipia, unaingia na kutoka utakavyo.

Mwaka 1998 yakajengwa matao juu ya barabara, yanayokata pesa kila gari linapopita. Bei hupangwa kwa vipande vya nusu saa, na hupitiwa upya kwa kuangalia mwendo wa magari. Kwenye barabara za kasi lengo ni kilomita 45 hadi 65 kwa saa. Mwendo ukishuka chini ya hapo bei hupanda, ukizidi hushuka. Hapo hoja ya watetezi ina nguvu, kwani dereva anapima safari hii, saa hii.

Wapinzani husema tozo humwachia tajiri barabara. Kwa Singapore hoja hiyo inayumba. Cheti cha kumiliki gari kwa miaka 10, kinachouzwa kwa mnada, kimewahi kupita dola 100,000 za huko. Mwenye kipato kidogo yuko kwenye basi au treni tayari. Anayeumia ni fundi mwenye pikapu, au dereva wa mizigo asiyejichagulia saa ya kufika. Nairobi ni habari nyingine: Expressway, barabara ya kasi ya kulipia, inatoza kwa umbali bila kubagua saa, maana kazi yake ni kurudisha fedha za mwekezaji, na asiyelipa anabaki kwenye foleni ya Mombasa Road.

Kinachonitatiza zaidi ni kutoza kwa kilomita. Tangu 2023 magari ya Singapore yanafungwa kifaa kipya cha satelaiti kinachoweza kupima umbali, ingawa serikali haijaanza kutoza hivyo. Hofu ya kufuatiliwa si ya kipuuzi. Oregon, Marekani, ilipoanzisha malipo ya hiari kwa maili mwaka 2015, ilimruhusu dereva kuchagua kifaa kisichojua mahali alipo. Sawa, lakini kifaa hicho hakiwezi kutofautisha barabara iliyofurika na barabara nyeupe. Ukitaka bei ibadili mwenendo, lazima gari liseme liko wapi na ni saa ngapi. Kinachobaki kubishaniwa ni nani anazishika taarifa hizo, na kwa muda gani.

Hata hivyo naegemea kilomita, kwa sharti. Aliyelipa fedha zote zile kwa cheti ana kila sababu ya kuendesha ili zisimpotee bure. Serikali ikitoa vyeti vingi zaidi bei yake ishuke, kisha itoze kilomita, atahesabu kila safari. Ikiongeza kilomita juu ya cheti kile kile, wapinzani watakuwa sahihi kuiita kodi nyingine.