Amu hakuna picha ya kuibia

Kila nikiingia YouTube kutafuta mafunzo ya picha za mtaani nakutana na jamaa wa New York ama Tokyo anafundisha watu kujificha, ati vaa nguo nyeusi, shika kamera kiunoni, jifanye unasoma simu, piga upesi halafu pita zako. Sawa, huko kwao huenda inafaa manake mtu hamjui jirani yake. Sasa mie niko mtaa wa Langoni, hapa Lamu, wenyewe twaiita Amu, nikitoka mlangoni tu na kamera shingoni nusu ya mtaa ushanisalimia, huyu auliza mama hajambo, huyu auliza ile picha ya mwanawe iko wapi, na muuza duka anikumbusha deni. Nitajificha wapi jamani?

Na mie naona huko kutofichika ndo mali kubwa aliyonayo mpiga picha wa mji mdogo, na wengi wetu twaitupa bure. Tafuta Lamu kwenye Instagram uone: punda, mlango wa nakshi, mashua na machweo, mzee wa kofia barazani, halafu punda tena. Za wageni naelewa, wamekuja siku tatu, wataona nini kingine. Kinachonishangaza ni za vijana wetu wenyewe, mtu kazaliwa hapa, kasoma hapa, lakini akishika kamera anaupiga mji kana kwamba ameshuka boti ya Mokowe jana jioni. Nyaya za stima anazikata, bodaboda anaingoja ipite, tenki la maji la plastiki juu ya paa analifuta kwa programu ya simu. Punda akibeba mchanga sawa, akibeba mitungi ya gesi hapigwi! Na watoto waliojazana kucheza PlayStation saa kumi jioni hao hata hawaonekani, ati hawana "ule uzee".

UNESCO walipoutia mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 hawakusifu mawe na boriti peke yake, walisema pia kwamba mji bado unafanya kazi zake za asili, yaani watu wamo ndani, wanauza, wanasali, wanaoa. Bandari mpya iko hapo Kililana tangu 2021, meli tunaziona. Ukitoa haya yote kwenye picha umebaki na kuta.

Tuje kwenye mwanga sasa, hapa ndo napenda kuongea. Vitabu na video zote zitakwambia piga asubuhi na jioni, saa sita mchana kaa ndani. Kwa mtu wa Ulaya sawa, jua lao lateremka pole pole mpaka unachoka kungoja. Sisi tuko digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta, jua laanguka wima, likishazama una dakika 20 hivi na kiza kishaingia. Tena mji wetu umeelekea mashariki, umetazamana na kisiwa cha Manda, kwa hivo ule mwanga wa dhahabu wa jioni haupigi nyumba za pwani kabisa, uko nyuma ya mji, wanaoufaidi ni walio kwenye mashua katikati ya mkondo. Ukitaka nyumba za mbele ziwake amka alfajiri, swali, nenda gatini ungojee jua litoke upande wa Manda.

Na saa sita ambayo wanatukataza ndo saa yangu mie. Vichochoro vyetu vingine ukinyoosha mikono miwili washika nyumba mbili, na kuta ni ghorofa mbili tatu, jua halifiki chini mpaka liwe utosini. Mwezi wa 3 na mwezi wa 9 kuna siku lakaa utosini kweli kweli, lateremka kichochoro kizima mpaka kwenye mtaro, kitu chenyewe dakika chache tu halafu basi. Saa nyingine zote mwanga unaopata chini umegonga ukuta wa chokaa wa upande wa pili ukarudi, laini hivo, hauna vivuli vikali usoni, wenye studio Nairobi wananunua vifaa vya pesa nyingi kuutafuta mwanga huo. Mtie mtu kwenye daka, kile kikumbi cha mlangoni chenye viti vya mawe, ukuta wa mbele yake uwe umepigwa jua, umalize kazi. Waliojenga madaka walitaka mahali pa kumkalisha mgeni bila kumwingiza ndani, hawakujua wametujengea studio.

Ila angalia, kamera haina akili, yenyewe yadhani dunia nzima ni kijivu. Ukuta mweupe na kanzu nyeupe itavitia uchafu, ongeza mwanga hatua moja. Buibui jeusi kwenye kivuli itafanya kinyume, itakutolea jeusi limepauka kama limefuliwa mara mia, hapo punguza. Na lenzi ya milimita 50 inayosifiwa kila mahali, ile ya bei nafuu, kwenye kamera za kawaida zenye sensa ndogo inavuta sana, kichochoroni utarudi nyuma mpaka uingie jikoni kwa watu. Tumia hiyo ya 18-55 iliyokuja na kamera, wanaoicheka hawajapita mitaa ya Mkomani. (Na usiiache kamera mkobani msimu wote wa mvua, chumvi na unyevu wa hapa vyaotesha ukungu ndani ya lenzi, itie kwenye kopo la kufunga na vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya.)

Lakini mwanga wote huo kazi yake nini kama mtu hakutaki. Mzee barazani hukimbilii kumpiga, wamsalimu, akikwambia "ndoo ukae kwanda" (njoo ukae kwanza) unakaa, kamera magotini, mwaongea mambo ya samaki na bei ya mafuta ya boti, na mara nyingi mwenyewe ndo atauliza mbona hunipigi. Wenye mafunzo yao watasema picha imeshaharibika, si ya asili tena, mtu amejua. Kwani kujua kwake si asili? Uso wa mtu akikutazama wewe mwana wa fulani, huo mgeni hawezi kuupata hata akae mwaka.

Na hata zamani mambo yalikuwa hivo hapa. Marehemu Omar Said Bakor alikuwa na studio yake Lamu, watu walikwenda kwake wamevaa, wameamua wenyewe waonekane vipi, naye akikata kwa mkasi akiunganisha picha na picha akitoa mambo ya ajabu, hakuhitaji kumvizia mtu. Leo tuna kamera mara mia ya yake na tunajificha nyuma ya nguzo.

Wanawake ndo usiseme. Kwenye sherehe za ndani za harusi simu huzuiwa mlangoni, mpiga picha mwenyewe ni mwanamke na picha zatoka kwa idhini ya mwenye shughuli. Kuna wenzangu huona hii ni ushamba. Mie naona akina mama walielewa mapema kabla serikali haijaamka, manake sheria ya kulinda data ni ya 2019, na mwaka 2023 kuna klabu ilitozwa faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuposti sura za wateja bila ruhusa, na shule moja milioni 4.55 kwa picha za watoto. Huyo bibi anayejifunika uso akiona kamera amekujibu, pita zako, muoneshe lenzi iko chini.

Kitu ninachowaambia vijana ni wachapishe. Picha ya simuni mwenyewe haioni tena, ya karatasi hutiwa kwenye fremu chumba cha mbele, na kesho yake fundi wa mashua ambaye hakukubali kwa miaka anakuita kwa jina. Wengine watalalamika pia, kuna muuza duka aliniambia nimemtoa duka lake chafu nirudi akishapaka rangi. Nitarudi, ana haki.

Kuna rafiki yangu mpiga picha hatukubaliani kabisa kwa hili, yeye kila waya afuta, mie kila waya naacha. Tulipiga kichochoro kimoja siku moja saa moja, tukaposti wote. Yake ilipata laiki mpaka za Italia. Yangu ilipata ya shangazi, akaandika chini: hiyo ndoo ya kijani mlangoni ni yangu, mwambie mwenye nyumba airejeshe.