Bangi, kodi na ahadi ya madarasa

Novemba 2012, wapiga kura wa Colorado na Washington waliamua siku moja kwamba mtu mzima aruhusiwe kununua bangi dukani kama anavyonunua bia. Leo majimbo 24 ya Marekani yamefuata njia hiyo, Ohio ikiwa ya 24 mwaka 2023. Florida ilijaribu mwaka 2024 ikapata kura za ndiyo takriban asilimia 56, na bado ikashindwa, kwa sababu katiba yake inadai asilimia 60. Kwa hiyo mjadala haujaisha, na kila unapoibuka, hoja inayotangulizwa ni ileile: tuhalalishe, tutoze kodi, tujenge shule.

Nimeufuatilia mjadala huu kwa miaka kadhaa, na nimefikia mahali ambapo naiona hoja ya kodi kuwa ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa kuna hoja nyingine za kuhalalisha ambazo ni nzito.

Tuanze na Colorado, maana ndiyo iliyofungua maduka kwanza, Januari 1, 2014. Kifungu kilichopigiwa kura kiliahidi kwamba dola milioni 40 za kwanza za ushuru wa bidhaa kila mwaka zingeenda kwenye ujenzi wa shule. Ahadi hiyo ilipendwa na wazazi wengi. Lakini fedha hiyo ilikuwa ya majengo, si ya mishahara ya walimu wala vitabu, na wazazi wengi walikuja kushangaa baadaye kwa nini shule za watoto wao bado zinalia ukata. Mwaka 2021, ambao ulikuwa kilele, jimbo lilikusanya takriban dola milioni 423 kutokana na bangi. Ni fedha nyingi ukiitazama peke yake. Ukiiweka kando ya bajeti ya jimbo inayopita dola bilioni 30, ni kama asilimia moja na kitu. Kisha ikaanza kushuka: kufikia 2023 makusanyo yalikuwa chini ya dola milioni 300.

Kwa nini ilishuka? Hapa pana somo ambalo wanasiasa wa pande zote mbili hulipita haraka. Ushuru wa Colorado wa asilimia 15 hukokotolewa kwa bei ya jumla sokoni. Wakulima walipoongezeka, bei ikaporomoka, na ushuru ukaporomoka nayo. California ilichagua njia nyingine: pamoja na asilimia 15 ya dukani, ilimtoza mkulima kwa uzito, takriban dola 10 kwa kila aunsi (gramu 28 hivi) ya maua ya bangi, ambayo ndiyo huvutwa. Bei ilipoanguka huko pia, hazina haikutikisika mara moja, ila mkulima mdogo ndiye aliyebanwa, kwani alilipa kiasi kilekile kwa zao lililopoteza thamani. Kodi hiyo ya uzito ikafutwa Julai 2022. Kisha mwaka 2025 kodi ya dukani ikapandishwa hadi asilimia 19, na baada ya miezi mitatu tu ikarudishwa kwenye 15 kwa sababu maduka yalikuwa yanazidiwa.

Yanazidiwa na nani? Na muuzaji wa mtaani asiyelipa chochote. Kodi ikiwa kubwa mno, mnunuzi anarudi kwa yule wa zamani, na lengo la kuvunja biashara haramu linakwama. Ikiwa ndogo mno, bangi inakuwa rahisi kuliko soda na watumiaji wa kila siku wanazidi. Jimbo la Washington lilijitosa na asilimia 37, kodi ya dukani ya juu kabisa katika nchi nzima, na maduka yake bado yapo. California, ambako miji na kaunti nyingi zilitumia haki yao ya kukataa maduka, soko haramu halijawahi kuondoka. Mji wa New York nao ulionyesha jambo lilelile kwa sura nyingine: sheria ilipita Machi 2021, duka la kwanza lenye leseni likafunguliwa mwishoni mwa Desemba 2022, na katika pengo hilo maduka yasiyo na leseni yakachipua kila kona. Kwa hiyo kiwango cha kodi peke yake hakielezi kila kitu. Idadi ya maduka, kasi ya leseni na uzito wa usimamizi vina nguvu sawa, pengine zaidi.

Wapinzani wana jambo moja ambalo watetezi hawajalijibu ipasavyo, nalo ni nguvu ya bidhaa yenyewe. Katika miaka ya 1990 bangi iliyokamatwa Marekani ilikuwa na THC, ile kemikali inayolewesha, takriban asilimia 4. Maua ya madukani sasa hupita 20, na mafuta yaliyokamuliwa hupita 60. Madaktari wa magonjwa ya akili wanaoonya kuhusu vijana wanaotumia kila siku hawazungumzii mmea uleule uliovutwa na babu zao. Illinois ilijaribu kulishughulikia hili kwa kodi: bidhaa ya THC isiyozidi asilimia 35 hutozwa asilimia 10, inayozidi hapo hutozwa 25. Napenda mantiki hiyo. Inaitoza hatari yenyewe, kama pombe kali inavyotozwa zaidi ya bia.

Kuhusu watoto, hofu kubwa ya wapinzani haikutimia kwa namna walivyoitabiri. Uchunguzi wa wanafunzi wa sekondari Colorado ulionyesha takriban mmoja kati ya watano alitumia bangi ndani ya siku 30 mwaka 2013, na mwaka 2021 ilikuwa takriban asilimia 13. Mwaka huo wa mwisho ulikuwa wa janga la korona, hivyo tusiukumbatie sana. Lakini ongezeko lililotabiriwa halikuonekana.

Sasa hoja ninayoiona nzito. Ripoti ya chama cha kutetea haki za kiraia, ACLU, ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba Mmarekani mweusi alikuwa karibu mara nne zaidi katika hatari ya kukamatwa kwa bangi kuliko mweupe, ilhali kiwango chao cha matumizi kilikuwa karibu sawa. Kukamatwa huko hakuishii kituoni. Kunafuata mtu kwenye maombi ya kazi na ya nyumba. Illinois ilipohalalisha kwa sheria ya bunge lake mwaka 2019, gavana alisamehe zaidi ya watu 11,000 mkesha wa kufunguliwa maduka, na robo ya mapato ikatengwa kwa mitaa iliyoumizwa na vita dhidi ya dawa za kulevya. Hilo naliona ni deni linalolipwa, na lingestahili kulipwa hata kama hazina isingepata senti moja. Tena pengo la rangi halikufutika hata katika majimbo yaliyohalalisha, ingawa idadi ya wanaokamatwa ilishuka sana.

Na kuna upande unaotugusa moja kwa moja sisi wasemaji wa Kiswahili. Jamaa zetu wengi wanaishi Columbus, Minneapolis, Seattle, Denver, na majimbo yao yote manne yamehalalisha. Lakini uhamiaji ni kazi ya serikali ya shirikisho, na sheria yake ya 1970 iliiweka bangi katika kundi moja na heroini. Asiye raia anayekiri mbele ya afisa kwamba amewahi kuvuta, hata kwa bangi iliyonunuliwa dukani kihalali, anaweza kunyimwa ukaazi wa kudumu. Mwaka 2019 idara ya uhamiaji iliandika wazi kwamba hata kufanya kazi katika biashara ya bangi kunaweza kumzuia mtu kupata uraia, jimbo liruhusu lisiruhusu. Mkimbizi kutoka Kongo anayepata kibarua cha kufungasha maua kwenye shamba lenye leseni, akalipwa kwa hundi, akakatwa kodi kama kila mtu, hajui kwamba hundi hizo zinaweza kuwa ushahidi dhidi yake miaka mitano baadaye.

Jimbo haliwezi kumkinga mtu huyo dhidi ya sheria ya shirikisho. Lakini linachukua kodi yake, na sehemu ndogo ya fedha hiyo ingetosha kulipia mawakili wa uhamiaji na tangazo kwenye mlango wa kila duka na kila shamba, kwa Kiswahili, Kisomali na Kihispania, likimweleza asiye raia hatari iliyopo kabla hajaingia.