Msiyafunge Mawe kwa Saruji

Rafiki yangu amegeuza ghala kuukuu la mawe kuwa nyumba, na wiki iliyopita alinikaribisha. Nilipovuka kizingiti tu nikapokelewa na harufu ya uvundo. Nje, maungio yote ya mawe yamejazwa saruji. Fundi alimhakikishia kwamba sasa maji hayataingia tena. Nimerudi na hasira ambayo haijanitoka hadi leo.

Jamani, ukuta wa namna ile una unene wa nusu mita au zaidi, mawe pande zote mbili na vifusi katikati, vyote vimeshikwa na chokaa au udongo, na chini kwenye msingi hakuna utando wowote wa kuzuia unyevu. Hunywa mvua, hunywa maji ya ardhini, kisha huyatoa taratibu kupitia vinyweleo vya chokaa. Ukiziba kwa saruji, maji yale yatokee wapi? Yatatokea chumbani, au kwenye jiwe lenyewe. Yakikauka humo huacha chumvi, na chumvi ikiganda hubandua uso wa jiwe magamba kwa magamba. Penye baridi kali barafu humalizia kazi. Ulaini wa chokaa ndio faida yake: bora liliwe ungio, ulijaze upya, kuliko kuliwa jiwe. Saruji ya Portland, ndiyo hii ya kawaida ya leo, ilipata hataza mwaka 1824. Kuna maghala yaliyokuwa yamesimama karne nzima kabla ya hapo.

Na ile milango miwili mipana inayotazamana! Iliwekwa hivyo ili nafaka ikipurwa na kupepetwa, upepo upite na kuchukua makapi. Mmoja umezibwa kwa matofali, pakawekwa kabati. Ungetiwa kioo kizima, mwanga ungejaa nyumba nzima bila kutoboa ukuta popote.

Nakiri, shingo upande, kwamba ghala lisilo na mwenyewe huanguka. Paa huvuja, boriti huoza, ukuta hufuata. Kuhamia humo ni kuliokoa.

Ameniuliza kama makosa haya yanarekebishika. Yanarekebishika, kwa subira: saruji itolewe kwa patasi na nyundo, kwa sababu grainda hukata kingo za mawe. Kisha chokaa, ifunikwe magunia yaliyoloweshwa isikauke upesi, maana hukomaa polepole kwa kuvuta kabonidayoksaidi hewani. Nimemwomba aanze na ukuta wa chumba wanacholala watoto.