Korosho ya kubebesha: nini hasa kinachorudiwa?

Kusini mwa Tanzania, Newala, Tandahimba hadi Nachingwea, miche ya korosho ya kubebesha inalaumiwa kwa mambo mawili yanayopingana. Wapo wanaosema haifanani na mti ilikotoka. Wengine wanasema inafanana kupita kiasi, ugonjwa ukiingia shamba zima linakwenda.

Lawama ya kwanza kwa kawaida chanzo chake ni kitalu. Kinachorudiwa ni kikonyo tu, yaani kijitawi kinachokatwa kwenye mti mama na kubebeshwa kwenye mche mwingine. Mche wa chini ni wa mbegu, na mbegu za mkorosho hazilingani hata zikitoka mti mmoja, kwa kuwa wadudu huleta chavua ya miti mingine. Mche wa siku 45 hadi 60 hukatwa kichwa na kupasuliwa sentimita tatu au nne, kikonyo huchongwa kabari, huingizwa hapo na kufungwa kwa nailoni. Unene ukitofautiana, ganda la ndani likutane angalau upande mmoja, la sivyo kikonyo hukauka. Hata kikishika, machipukizi ya chini ya kiungo yasipoondolewa hukua haraka na kukinyonya hadi kife. Mkulima anabaki na mti wa mbegu, kisha analaumu kloni, yaani miti iliyotokana na vikonyo vya mti mama mmoja. Ni kuionea.

Lawama ya pili ina uzito zaidi. Kloni ikiwa dhaifu kwa blaiti, ugonjwa wa majani na korosho changa, miti yake yote ni dhaifu. Hilo halina ubishi. Lakini tukumbuke ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, ulipoingia kusini mwishoni mwa miaka ya 1970. Nchi iliyokusanya tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 ilishuka chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Wakulima kuhamishiwa vijijini na bei mbaya vilichangia, lakini mikorosho ile ilikuwa ya mbegu, kila mmoja na tabia yake, na utofauti huo haukuikinga. Tena uliongeza kazi: ubwiriunga hushambulia maua machanga na majani laini, kwa hiyo mti uliotangulia kuchanua hulea ugonjwa na kuuambukiza unaochelewa.

Hapa ndipo kufanana kunapolipa. Kloni moja huchanua karibu kwa pamoja, na kupuliza salfa, dawa ya ubwiriunga, huanza na kumalizika kwa wakati unaojulikana. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari ina miti 28. Ukipuliza gramu 250 kwa mti, kila mzunguko ni kilo saba, na mizunguko hurudiwa baada ya siku 14. Shamba la mbegu linalochanua kwa mafungu linadai mzunguko wa ziada au zaidi, yaani kilo saba nyingine kwa kila ekari, pamoja na mafuta ya mashine na ujira wa mpulizaji.

Wanaohofia kufanana wana dawa yao, nayo si kurudi kwenye mbegu: ni kupanda kloni tatu au nne, kila moja kwenye mistari yake, ili upulizaji ufuate mistari. Kitaluni, dai jina la kloni liandikwe kwenye kila fungu, na usichukue miche iliyochanganywa.